Kicheko cha Wakosaki: Myahudi katika Vitabu vya Warusi

Kwa wengi wetu tuliosomea Afrika Mashariki, Myahudi wa kwanza tuliyekutana naye katika tamthilia ni Shylock wa Mabepari wa Venisi, tafsiri ya Mwalimu Julius Nyerere iliyotoka mwaka 1969. Majina ya wahusika wengine huyeyuka kichwani miaka ikipita, lakini mkopeshaji yule aliyedai ratili ya nyama ya mwili wa mdeni wake habanduki. Warusi nao walimsoma Shylock. Alexander Pushkin, wanayemhesabu kuwa baba wa fasihi yao, alimsoma kwa makini kiasi cha kuandika kwamba Shakespeare hakumfanya bahili mtupu: alimpa pia akili, kisasi, mapenzi kwa mwanawe na ulimi mkali.

Ajabu ni kwamba Pushkin mwenyewe hakuufuata mfano huo. Katika vuli ya mwaka 1830, akiwa kijijini Boldino, alitunga tamthilia fupi kuhusu kabaila bahili. Ndani yake yumo mkopeshaji wa Kiyahudi aitwaye Solomon. Anaingia, anakataa kukopesha, anamnong'oneza kijana wa kikabaila habari za mzee mmoja auzaye matone ya sumu yanayoweza kumharakishia urithi, anafukuzwa, basi. Hatumwoni tena. Bahili hasa wa mchezo ule ni Mkristo, baba wa kijana huyo, anayeshuka chini ya ngome usiku kuyatazama masanduku yake ya dhahabu. Yeye amepewa hotuba ndefu na roho inayochemka. Solomon amepewa mlango wa kuingilia na mlango wa kutokea.

Kwa takriban miaka 50 baada ya hapo, hivyo ndivyo Myahudi alivyoishi katika vitabu vikubwa vya Warusi: anaingia, anachekwa, anatoka. Nimejiuliza mara nyingi ilikuwaje fasihi iliyowalilia wakulima waliouzwa kama mifugo, makahaba, walevi na wafungwa, ikamnyima mtu huyu mmoja machozi yake. Sehemu ya jibu imo katika ramani.

Kabla ya mwaka 1772 Urusi haikuwa na Wayahudi wengi, wala haikuwataka. Kisha Poland ikagawanywa kati ya majirani zake mara 3, mwaka 1772, 1793 na 1795, na Urusi ikajikuta imemeza pamoja na ardhi mamia ya maelfu ya Wayahudi waliokuwa wakiishi huko kwa karne nyingi. Mwaka 1791 Malkia Catherine wa Pili alitoa amri iliyoanzisha kile kilichokuja kuitwa Mstari wa Makazi: eneo la magharibi na kusini ambalo Myahudi wa kawaida hakuruhusiwa kuishi nje yake. Sensa ya mwaka 1897 ilihesabu Wayahudi zaidi ya milioni 5 katika himaya nzima, na walio wengi sana walikuwa wamefungiwa ndani ya mstari huo. Ulidumu hadi mapinduzi ya mwaka 1917.

Maana yake ni kwamba mwandishi wa Moscow au Petersburg angeweza kuzaliwa, kusoma na kupata sifa bila kuwa na jirani Myahudi hata mmoja. Aliyemjua alimkuta njiani: mwenye nyumba ya wageni, fundi cherehani, mchuuzi, dalali wa farasi. Alimwona kwa muda wa kubadilisha farasi wa gari, akamsikia akizungumza Kirusi chenye lafudhi ya kigeni, akaendelea na safari. Lugha nayo ilikuwa imeshamwandalia neno. Kirusi kina majina mawili ya Myahudi, yevrei, ambalo ni la heshima, na zhid, ambalo zamani lilikuwa jina tu, kisha kadiri karne ya 19 ilivyosonga likageuka tusi la mdomoni na kalamuni. Waandishi wengi waliokuwa waungwana katika mengine yote walilitumia bila kusita.

Sasa tumfungue Nikolai Gogol, yuleyule wa Mkaguzi Mkuu wa Serikali. Mwaka 1835 alichapisha Taras Bulba, kisa cha Wakosaki, wapiganaji wapanda farasi wa nyika za Ukraina. Mapema katika kisa hicho Wakosaki wanawavamia Wayahudi waliokaa karibu na kambi yao na kuwatupa katika mto Dnieper. Wahanga wanapiga makelele, na Wakosaki wanacheka, kwa kuwa miguu yenye viatu na soksi inayotapatapa hewani inawafurahisha. Nimeisoma sehemu hiyo mara kadhaa na kila mara nasimama palepale. Kuchinja watu kulikuwa jambo la kawaida katika visa vya vita vya zama zile. Kinachonisimamisha ni kwamba Gogol hakuweka umbali wowote kati ya kicheko cha Wakosaki na kicheko anachomtarajia msomaji akitoe.

Anayeokoka ni Yankel, kwa sababu aliwahi kumjua marehemu ndugu wa Taras. Muda si mrefu Yankel huyohuyo amekwisha kufungua kibanda cha biashara katikati ya watu waliowazamisha jirani zake. Haombolezi. Hakuna hata mstari mmoja unaomwonyesha akiwakumbuka. Na bado kisa hakiendi bila yeye: ndiye anayeleta habari za mtoto wa Taras aliyeasi, ndiye anayemwingiza Taras Warsaw akiwa amefichwa chini ya shehena ya matofali. Gogol alimhitaji Yankel kama fundi anavyohitaji bawaba ya mlango.

Ivan Turgenev, mtu mpole aliyechukia utumwa wa wakulima na kuuandika kwa uchungu, alitoa mwaka 1847 hadithi ambayo jina lake ni tusi lile lile, Zhid. Ni wakati wa kuzingirwa kwa mji wa Danzig katika vita dhidi ya Napoleon. Girshel, Myahudi anayefuatana na jeshi la Urusi akiwatafutia maofisa hiki na kile, hata akimtumia binti yake kama chambo, anakamatwa akichora ramani ya kambi na kuhukumiwa kunyongwa. Turgenev anatueleza kwamba Girshel alitapatapa na kulia kwa namna ya kuchekesha mno hata askari wakashindwa kujizuia, ingawa hali yenyewe ilikuwa ya kutisha. Hapo pana tofauti ndogo na Gogol, na ni tofauti ya maana. Anayesimulia anaona aibu ya kucheka. Kicheko kimeanza kumkwama kooni.

Kwa Fyodor Dostoyevsky mambo yanakuwa machungu zaidi, maana huyu ndiye aliyejua maumivu kuliko wote. Alikaa gereza la Omsk huko Siberia miaka 4, kuanzia 1850 hadi 1854, na kumbukumbu za huko alizitoa katika kitabu cha gereza mwanzoni mwa miaka ya 1860. Wauaji na wezi wamo humo, na kila mmoja amechunguzwa hadi ndani. Yumo pia sonara na mkopeshaji, Isai Fomich Bumshtein, Myahudi pekee wa bweni lile. Dostoyevsky anakiri kwamba kila akimkumbuka hucheka. Sala yake ya Sabato imeandikwa kama mchezo wa kuigiza, pamoja na kilio chake kinachogeuka ghafla kuwa furaha. Mtu yuleyule aliyeona cheche ya Mungu katika jambazi hakuiona katika sala ya mfungwa mwenzake.

Wasomaji Wayahudi walilisikia hilo na liliwauma, kwa sababu walimpenda. Mapema mwaka 1877 mmoja wao, Arkady Kovner, mwandishi wa habari aliyekuwa gerezani Moscow kwa kosa la kughushi na kuiibia benki aliyoifanyia kazi, alimwandikia barua ndefu akimuuliza kwa nini anawachukia watu wake, tena wote kwa jumla, wakiwemo mamilioni ya mafukara wasiowahi kumnyonya mtu. Dostoyevsky alimjibu, kwanza kwa barua, kisha hadharani katika jarida lake toleo la Machi. Alikana kwamba ana chuki. Kisha, katika kurasa hizohizo, akarudia karibu kila shtaka lililokuwa likitembea mitaani: kwamba Wayahudi ni dola ndani ya dola, kwamba hawana huruma na Mrusi wa kijijini. Na katika Ndugu wa Karamazov, riwaya yake ya mwisho, msichana anamuuliza Alyosha, kijana mtakatifu wa kitabu kile, kama ni kweli Wayahudi huiba watoto na kuwaua wakati wa Pasaka. Alyosha anajibu kwamba hajui. Ulikuwa uzushi wa kale uliokwisha kuua watu wengi, na mwandishi alikuwa na uwezo wa kuukana kwa neno moja. Kwangu hilo ndilo doa baya kuliko yote katika kazi zake.

Haki inataka tuseme kwamba hawakuwa wote hivyo. Alexander Herzen aliandika katika kumbukumbu zake jinsi mwaka 1835 alivyokutana njiani na msafara wa watoto wa Kiyahudi, wengine wadogo kabisa, wakiswagwa kwa miguu kwenda kulelewa jeshini chini ya sheria ya Tsar Nikolai wa Kwanza ya mwaka 1827, huku wakikohoa na kufa barabarani. Yeye hakucheka. Nikolai Leskov, aliyewahi kuandika vichekesho vibaya juu ya Wayahudi, alirejea jambo hilo la watoto katika hadithi ya mwaka 1877. Baada ya ghasia za mwaka 1881 akaandika kijitabu cha kuwatetea, ambacho kilichapwa nakala 50 tu kwa ajili ya tume ya serikali.

Ghasia hizo ndizo zilizolipatia ulimwengu neno pogrom. Tsar Alexander wa Pili alipouawa kwa bomu Machi 1881, uvumi ulivuma kwamba waliomuua ni Wayahudi, na miji ya kusini ikawaka: nyumba zikavunjwa, mali ikaporwa, watu wakapigwa na kuuawa. Serikali ikajibu mwaka uliofuata kwa kuwabana Wayahudi zaidi. Kuanzia hapo kuandika juu ya Myahudi wa kuchekwa kukawa ni kuchagua upande.

Ndipo anapoingia Anton Chekhov, na hapa nataka tukae kidogo.

Chekhov alikulia Taganrog, mji wa bandari ambako Wayahudi walikuwa majirani na wanafunzi wenzake. Mwaka 1886 alichumbiana kwa muda mfupi na msichana wa Kiyahudi, Dunya Efros, kisha uchumba ukavunjika. Hakuwa malaika: barua zake zimejaa lile neno la tusi, na hadithi yake ya mwaka 1886 kuhusu Susanna, mwanamke wa Kiyahudi anayewanasa wanaume, haina cha kusifiwa katika jambo hili. Lakini alikuwa daktari, na alikuwa na tabia ya daktari ya kurudi kumtazama mgonjwa. Mwaka 1887 katika tamthilia yake Ivanov alimweka jukwaani Sarra, aliyeacha dini, jina na wazazi ili aolewe na Mrusi, na sasa anakufa kwa kifua kikuu huku mume amemchoka. Katika ugomvi wao mkubwa mume anamtupia tusi la asili yake, kisha anamwambia kwamba karibu atakufa. Watazamaji waliozoea kulisikia neno lile likichekesha, safari hii walimwona linayempata.

Mwaka uliofuata, katika hadithi yake Nyika, mvulana wa miaka 9 anafika na wakubwa zake katika nyumba ya wageni ya Moisei Moiseich. Mwenye nyumba ni yule tunayemjua, mwenye kuinama na kushukuru kupita kiasi. Lakini nyuma yake amesimama ndugu yake Solomon, aliyechoma urithi wake wote, rubo 6,000, ndani ya jiko, na anawatazama wageni matajiri kwa tabasamu la dharau. Miaka mingi Wakosaki na maofisa wamecheka, na sasa Myahudi mmoja anawacheka wao. Na katika chumba cha ndani, chenye joto na harufu nzito, mama wa nyumba, baada ya kushauriana na mumewe kwa lugha yao, anafungua kitambaa na kumpa mtoto mgeni andazi kubwa lenye umbo la moyo. Ni watu wenye chumba cha ndani. Gogol hakuwahi kuufungua mlango huo.

Kisha ikaja Fidla ya Rothschild, iliyochapishwa gazetini mwaka 1894. Yakov, mchonga majeneza wa mji mdogo, ni mpiga fidla hodari na mtu mkavu wa roho anayehesabu hasara mchana na usiku. Mkewe anapougua anampima jeneza angali hai na kuandika gharama yake daftarini. Hupiga muziki arusini pamoja na bendi ya Wayahudi, na anamchukia mpiga filimbi wao, mtu mwembamba na fukara aliyebeba jina la tajiri maarufu, Rothschild. Anamtukana, siku moja anamfukuza kwa ngumi, na mbwa wanamng'ata maskini yule huku watoto wakishangilia. Lakini baada ya kumzika mkewe, Yakov anaketi chini ya mti kando ya mto na kumkumbuka mtoto wao aliyekufa miaka 50 iliyopita, ambaye alikuwa amemsahau kabisa. Naye anaugua. Anakaa mlangoni akipiga fidla, machozi yanamtiririka, na Rothschild, aliyetumwa kumwita arusini, anasimama kwa hofu, anasikiliza, na machozi yanamtoka yeye pia. Padri anapomuuliza kama kuna dhambi inayomlemea, Yakov anasema fidla apewe Rothschild.

Hadithi hiyo ina kurasa chache tu. Ndani yake kimefanyika kitu ambacho riwaya nene za miaka 50 hazikukifanya: Mrusi na Myahudi wanalia kwa wimbo mmoja, na wimbo unabaki kwa Myahudi. Mwandishi wa habari wa Odessa, Vladimir Jabotinsky, hakuridhika. Mwaka 1909, Warusi walipokuwa wakiadhimisha miaka 100 ya kuzaliwa kwa Gogol, aliandika kwa hasira kwamba fasihi yote kuu ya Kirusi haikuwapa Wayahudi kitu, na hata Chekhov alitazama tu. Naielewa hasira yake. Ila nadhani kwa Chekhov alikosea. Mwaka 1898 Chekhov alisimama upande wa Dreyfus, ofisa wa Kiyahudi aliyesingiziwa uhaini Ufaransa, hata akafarakana na Suvorin, rafiki na mchapishaji wake, ambaye gazeti lake lilimwandama Dreyfus. Na nikikumbuka kwamba Dunya Efros alikuja kuuawa na Manazi mwaka 1943 akiwa bibi wa zaidi ya miaka 80, siwezi kusoma habari za uchumba ule kama porojo la ujana.

Aprili 1903, katika pogrom ya mji wa Kishinev, waliuawa Wayahudi 49. Vladimir Korolenko alikwenda mwenyewe, akachagua nyumba moja, namba 13, na kuandika yaliyotendeka ndani yake. Lev Tolstoy, aliyekuwa ameandika machache mno kuhusu Wayahudi, alimpa mwandishi wa Kiyahudi Sholem Aleichem visa 3 kwa ajili ya kitabu cha kuchangia waathirika. Msiba huo ulifika hadi kwetu: mwaka uleule Waingereza walipendekeza kuwapa Wayahudi ardhi Afrika Mashariki, na wachunguzi wakaja kutazama uwanda wa Uasin Gishu, katika Kenya ya leo. Katika mkutano wa Wazayuni mjini Basel wajumbe wengi waliotoka Urusi, wakiwemo wa Kishinev penyewe, waliupinga mpango huo, na mwaka 1905 ukakataliwa.

Kizazi kilichofuata kilikuwa cha Wayahudi walioandika Kirusi wenyewe. Isaac Babel, aliyezaliwa Odessa mwaka 1894, alikuwa amemsoma Gogol na alijua vizuri nani alicheka kando ya Dnieper. Katika visa vyake vya Odessa alikitwaa kicheko chenyewe na kukirudisha nyumbani: jambazi Benya Krik anamwoza dada yake kwa karamu ya kukata na shoka, na polisi waliopanga kuwavamia wageni wanajikuta kituo chao kinaungua moto. Ila Babel hakudanganya. Katika Jeshi la Farasi, kitabu cha mwaka 1926 kilichotokana na kuwafuata Wakosaki wa jeshi jekundu vitani mwaka 1920, msimulizi mwenye miwani anachekwa nao, sanduku lake linatupwa nje. Ili wamkubali anamponda bata bukini wa kizee kwa kiatu na kuamuru apikiwe. Wanamkaribisha kwenye sufuria. Usiku analala katikati yao, na moyo wake una damu. Kuna kisa kingine, cha mvulana aliyefaulu mtihani wa shule iliyowachukua Wayahudi 2 tu katika 40, akazawadiwa njiwa, na siku aliyowanunua ndiyo siku ya pogrom ya mwaka 1905. Njiwa mmoja anapondwa usoni pake.

Babel alikamatwa Mei 1939. Alipigwa risasi tarehe 27 Januari 1940. Miswada iliyochukuliwa siku aliyokamatwa haijaonekana hadi leo.

Wa mwisho ni Vasily Grossman, mzaliwa wa Berdichev. Wajerumani walipouteka mji huo mwaka 1941, mama yake, mwalimu wa Kifaransa, alikuwamo, naye Grossman hakuwahi kumtoa. Aliuawa Septemba pamoja na maelfu ya Wayahudi wengine. Mwanawe alikuwa mwandishi wa gazeti la jeshi, akapita Stalingrad, akafika kwenye kambi ya mauaji ya Treblinka. Kitabu cha ushahidi wa mauaji hayo alichokihariri pamoja na Ilya Ehrenburg kilizuiwa na serikali ya Stalin mwaka 1948. Akaendelea na riwaya yake kubwa, Maisha na Majaliwa, ambamo mwanafizikia Viktor Shtrum anapokea barua kutoka kwa mama yake aliyefungiwa ndani ya uzio akisubiri kifo. Barua hiyo ni sura nzima. Mama anaeleza nani kati ya majirani alimsaidia na nani alikuja kuchukua viti vyake, jinsi anavyowatibu wagonjwa wa macho, jinsi anavyomfundisha mtoto mmoja Kifaransa huku makaburi yakichimbwa nje ya mji. Katika kurasa hizo hakuna Mkosaki, hakuna ofisa, hakuna msafiri anayemtazama kutoka garini. Anazungumza yeye.

Februari 1961 maofisa wa KGB walifika nyumbani kwa Grossman wakachukua miswada, karatasi za kaboni, hata tepu za mashine ya kupigia chapa. Alifariki Septemba 1964 bila kukiona kitabu chake. Nakala zilizofichwa na marafiki zilitolewa nje kwa filamu, zikachapwa Lausanne mwaka 1980, na wasomaji wa Urusi wakakipata jaridani mwaka 1988. Katika karatasi zake zilikutwa barua mbili alizomwandikia mama yake, moja ya mwaka 1950 na nyingine ya mwaka 1961, miaka 9 na miaka 20 baada ya kifo chake. Kitabu kimetabarukiwa kwake kwa jina, Yekaterina Savelievna Grossman.